NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, juu ya safari ya intaneti ya simu mpaka ikafika Mwanjelwa



Kamati iliponiomba nizungumze juu ya intaneti ya simu, nilijaribu kukwepa. Mimi si mhandisi. Ni mfanyabiashara wa Mwanjelwa, na wengi wenu mmepita dukani kwangu kununua chaja na vioo vya simu. Kamati ikanijibu kwamba mtu aliyeuza intaneti kwa miaka tisa lazima anajua jambo fulani juu yake. Hilo ni kweli. Najua ilivyokuwa inachelewa, na najua nani alikuwa analipa gharama ya kuchelewa kwake. Basi nitasema hayo, kisha nitaleta hoja juu ya fedha tulizochanga.

Sisi wa zamani tunakumbuka simu ilivyokuwa tulipokuwa tunalima shamba la shule. Ukitaka kuzungumza na mtu wa Dar es Salaam ulikwenda Posta, ukajaza karatasi, ukakaa kwenye benchi mpaka opereta akuite. Siku nyingine uliitwa baada ya saa moja, siku nyingine hukuitwa kabisa. Mwaka 1994 lililokuwa Shirika la Posta na Simu liligawanywa, shughuli za simu zikachukuliwa na TTCL, na mwaka huohuo kampuni ya Mobitel ikaanzisha simu za mkononi nchini. Vodacom ikafuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Majina mengine yamebadilika njiani: Celtel ikawa Zain, kisha Airtel, Mobitel ikaja kuitwa Tigo, na sasa ni Yas. Lakini simu zile za kwanza zilikuwa za kusema na kupeleka ujumbe mfupi tu. Aliyetaka kusoma barua pepe alikuja kwa watu kama mimi.

Nilifungua chumba changu cha intaneti mwaka 2004, ng'ambo ya barabara kutoka sokoni. Soko lilipoungua mwaka 2006 chumba kilisalimika, nikamshukuru Mungu. Nilikuwa na kompyuta nane na dishi la satelaiti juu ya bati. Satelaiti ile ilikuwa angani umbali wa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali la mteja wangu lilipanda hadi huko, likashuka ng'ambo, na jibu likarudi kwa njia ileile. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo inakula karibu nusu sekunde kabla hujaona herufi moja.

Kubaya zaidi kulikuwa kwenye upana wa njia yenyewe. Nilikuwa nalipia kilobiti 128 kwa sekunde. Vijana, chukueni kalamu tufanye hesabu. Kilobiti 128 zikigawanywa kwa kompyuta nane, kila moja inapata 16. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo ni kilobaiti mbili kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 200, ambao siku hizi tunauona mdogo, ulihitaji sekunde 100. Picha ya megabaiti moja ilihitaji zaidi ya dakika nane. Nami nilikuwa natoza shilingi 500 kwa nusu saa.

Sasa nataka mlielewe jambo hili vizuri, maana sikulielewa wakati ule. Mteja hakuwa ananilipa kwa kurasa alizosoma. Alikuwa ananilipa kwa dakika alizokaa. Kila intaneti ilipozidi kuchelewa, mimi nilizidi kupata. Wahenga walisema subira huvuta heri. Mimi nilikuwa nauza subira ya watu, na heri ilikuwa inavutwa kuja mfukoni mwangu.

Mapema mwaka 2008 yalitoka matokeo ya kidato cha nne. Wale mliokuwapo mnajua siku kama ile ilivyokuwa: foleni mpaka barabarani, na kila mtu anataka ukurasa mmoja uleule wa Baraza la Mitihani. Akaingia kijana mmoja ambaye alikuwa ametoka mbali, upande wa Chunya, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa na shilingi 500, hakuwa na zaidi. Akakaa. Ukurasa ukaanza kuja mstari mmoja mmoja, namba kwa namba, ukafika katikati ukasimama. Dakika zake thelathini zikaisha. Nyuma yake kulikuwa na mzee mwenye noti ya shilingi elfu moja mkononi. Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, muda umekwisha, pisha wengine." Akaniomba dakika tano. Nikamwambia biashara ni biashara. Akatazama orodha mara moja zaidi, akainuka, akaondoka.

Sikumfikiria tena. Mwaka 2015, nikiwa tayari nimeshafunga kile chumba na ninauza simu, aliingia bwana mmoja dukani kununua kadi ya kuhifadhia data. Akanitazama sana, akaniuliza kama si mimi niliyekuwa na intaneti pale ng'ambo. Nikasema ndiye. Akanieleza kwamba siku ile orodha ilikatika kabla ya kufika namba yake. Yeye hakujua kwamba ukurasa unaweza kuja nusu. Alidhani namba yake haimo, na kwamba amefeli. Akarudi nyumbani, akamwambia baba yake hivyo, kisha akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Habari kwamba alikuwa amefaulu, na kwamba amechaguliwa kuendelea, zilimkuta huko baada ya majuma mengi, kwa mdomo wa mtu aliyepita shuleni kwake akasoma ubao wa matangazo. Alifika kidato cha tano majuma matano baada ya wenzake. Alisema hayo bila hasira, akalipa, akaniaga. Sasa ni mwalimu wa hesabu. Lakini mimi usiku ule sikulala. Kama yule mtu asingepita pale ubaoni, je?

Ndugu zangu, ndiyo maana mtu akiniambia kwamba kasi ya intaneti ni anasa ya vijana wanaotaka kutazama mpira na miziki, namwomba akae nimsimulie.

Sasa, kasi iliyopo leo ilipatikanaje? Nimejifunza kwa kuuliza mafundi wa minara, nami nitaeleza kama nilivyoelewa.

Simu za kizazi cha pili zilipewa njia nyembamba za masafa, kila moja upana wa kilohezi 200. Njia hiyo moja ilitumiwa na watu wanane kwa zamu, kama akina mama wanane kwenye bomba moja, kila mmoja anakinga kidogo kisha anampisha mwenzake, isipokuwa zamu zenyewe zinazunguka upesi mno hata sikio halitambui. Kwa sauti ilitosha. Kwa data ilikuwa taabu: kilobiti 9.6 kwa sekunde, nawe unashikilia zamu yako hata kama huna unachopeleka.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuacha tabia hiyo ya kushikilia. Katika utaratibu ulioitwa GPRS, data ilikatwa katika vipande vidogo, kila kipande kikiwa na anwani yake, na zamu ikachukuliwa pale tu penye kipande cha kupeleka. Mtu mmoja aliweza pia kupewa zamu kadhaa kwa pamoja. Kasi ikafika kama kilobiti 40. Baadaye ikaja EDGE. Hiyo haikupanua njia hata kidogo. Ilibeba biti tatu mahali palipokuwa panabebwa moja, kama utingo anayejua kupanga magunia. Hapo ndipo nilipoona kijana wa kwanza pale Mwanjelwa akifungua barua pepe kwenye simu, amesimama nje ya mlango wangu. Nilicheka, maana ilimchukua muda mrefu kuliko ndani kwangu. Nilicheka mapema mno.

Kizazi cha tatu kilianza Japani mwaka 2001, na hapa kwetu Vodacom ilikianzisha Dar es Salaam mwaka 2007. Hapo njia yenyewe ilipanuliwa, kutoka kilohezi 200 hadi megahezi tano, yaani mara ishirini na tano. Kasi ilianza na kilobiti 384, kisha ikaongezwa hatua kwa hatua: megabiti 3.6, 7.2, 14.4, mpaka 42 kwa nadharia. Kizazi cha nne kilianza Stockholm na Oslo mwezi Desemba 2009. Hapa nchini kampuni ya Smile ilikileta Dar es Salaam mwaka 2012, na Tigo ikafuata mwaka 2015. Njia ikapanuka hadi megahezi 20, na mnara ukaanza kutumia antena zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kila antena na mkondo wake wa data. Kasi ikavuka megabiti 100. Kizazi cha tano kilizinduliwa Dar es Salaam na Vodacom mwezi Septemba 2022. Hicho huweza kutumia njia yenye upana wa megahezi 100, na kasi inayopita megabiti elfu moja pale mnara ulipo karibu.

Kwa hiyo mtaona kwamba siri si nyingi. Panua njia, panga mzigo vizuri zaidi, ongeza antena, sogeza minara karibu na watu. Mengine ni fedha.

Lakini kuna jambo ambalo simu haikuonyeshi. Mnara ni bomba la mwisho tu. Bomba linaweza kuwa pana namna gani, kama mfereji unaolijaza ni mwembamba hupati kitu. Mwulizeni mkulima yeyote wa mpunga kule Usangu. Kabla ya mwaka 2009, maji ya nchi yetu yote yalikuwa yanatoka kwenye satelaiti kama ile yangu. Mwezi Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ukafika Dar es Salaam, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka 2009 huohuo Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ukaunganisha mikoa na kufika Tunduma mpakani mwa Zambia na Kasumulu mpakani mwa Malawi. Kama barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA zilivyotupitia sisi watu wa Mbeya kwenda kusini, mkongo nao umetupitia. Safari hii hatukukaa pembeni ya njia.

Matokeo kwangu yalikuwa ya haraka. Mwaka 2010 wateja walipungua kidogo. Mwaka 2012 waliokuja walikuwa wanataka kuchapisha na kutoa nakala tu. Mwaka 2013 niliuza kompyuta sita, nikawapa mbili watoto wa ndugu yangu, nikashusha dishi kutoka kwenye bati. Mama watoto alifanya birika la kuku kunywea maji. Sikulalamika. Biashara inayoishi kwa kuwacheleweshea watu haki yao haina budi kufa siku haki hiyo itakapofika upesi.

Je, imefika kwa wote? Hapana. Hapa Mwanjelwa mchuuzi wa mchele anatuma picha ya gunia kwa mteja wa Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Lakini pandeni kidogo tu kuelekea milimani, mpite nyuma ya kilima, mtaona herufi pembeni ya kioo zikibadilika. Sababu moja ni ya maumbile: masafa ya chini, kama megahezi 700 au 900, husafiri mbali na hupenya vizuri zaidi, lakini njia zake ni chache, masafa ya juu, kama megahezi 3,500, yana nafasi tele lakini hufika karibu, na mlima huyazuia. Sababu ya pili ni ya hesabu: kampuni hujenga kwanza penye wateja wengi. Ndiyo maana ukatungwa mwaka 2006 sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili kusaidia gharama za minara kule ambako faida peke yake isingeipeleka.

Hata penye mnara, kasi inayotangazwa ni ya mnara mzima, siyo ya kwako peke yako. Jioni wakati watu wote wa Mwanjelwa wamefunga maduka na kufungua simu, mnajua wenyewe. Ni bomba lilelile na akina mama walewale. Ndoo tu zimekuwa kubwa. Tena hata waya za baharini hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja, na nchi yetu na majirani zetu tukarudi kwa siku kadhaa kwenye ule mwendo wa kusubiri.

Sasa nakuja kwenye hoja yangu, Ndugu Mwenyekiti. Chama chetu kimechanga fedha, na pendekezo lililo mezani ni kununua kompyuta 40 za maktaba pamoja na kifaa kimoja cha intaneti ya simu cha kizazi cha nne. Nia ni njema sana, nami nimechanga. Lakini niruhusuni nifanye hesabu ileile niliyoifanya mwanzo. Tuseme kifaa hicho kinapata megabiti 20 kwa sekunde, siku nzuri. Gawanya kwa 40. Kila mwanafunzi ana nusu megabiti. Kusoma maandishi atasoma. Somo la picha zinazotembea litakatika katika. Na siku mbaya, mnara ukilemewa, tutapata megabiti nne, na kila mmoja ana kilobiti 100. Tutakuwa tumejenga upya chumba changu cha mwaka 2004, tena hapa shuleni, na kwa fedha zetu wenyewe.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, tununue kompyuta 20 badala ya 40, na fedha zitakazobaki zitumike kuvuta waya wa mkongo mpaka maktaba, pamoja na kuweka akiba ya kulipia mwaka mzima. Waya haujali mawingu wala jioni ya Mwanjelwa. Kile kifaa cha simu kibaki kuwa cha akiba, siku waya ukikatika.

La pili, tununue kompyuta moja yenye nafasi kubwa, ikae maktaba, ihifadhi vitabu, mitihani ya miaka iliyopita na kamusi elezo. Wikipedia nzima ya Kiswahili inaweza kuhifadhiwa humo na kusomwa bila intaneti yoyote. Kwa nini wanafunzi 20 wavute kitabu kimoja mara 20 kutoka ng'ambo ya bahari, ilhali kinaweza kuvutwa mara moja usiku na kusomwa na wote asubuhi? Ghala ni bora kuliko kwenda sokoni kila mlo.

La tatu halina gharama. Iandikwe juu ya mlango wa maktaba kwamba hakuna mwanafunzi atakayeinuliwa kitini wakati ukurasa wake haujafika mwisho. Na kila mwalimu wa zamu awafundishe watoto jambo ambalo mimi sikumfundisha yule kijana: kwamba ukurasa uliokatika si jibu. Ukiona orodha imekoma katikati, usiseme "simo". Sema "bado", uombe tena.

Ninyi vijana, najua hamruhusiwi kuwa na simu bwenini, na sikuja hapa kuwachochea mvunje sheria. Lakini ulizeni mambo yanavyofanya kazi. Hesabu niliyoifanya leo haikuhitaji zaidi ya kugawanya, na imetosha kutuonya tusitumbukize mamilioni ya shilingi mahali pasipofaa. Baadhi yenu mtapanda minara hiyo siku moja, wengine mtapanga iwekwe wapi. Mkifika huko, kumbukeni upande wa pili wa kilima.

Wazee walituambia haraka haraka haina baraka, na ni kweli kwa mambo mengi. Lakini walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza, na naweza kuwaambia kwamba anayengoja sana siku zote ni yule mwenye shilingi 500 tu.

Ndugu Mwenyekiti, yule mwalimu wa hesabu nilimwalika leo. Hakuweza kuja kwa kuwa anasimamia mtihani, lakini ameniomba niseme kwamba naye amechangia waya huo. Nimeshampa stakabadhi.